Meli Iliyoshukia Dirishani Siku ya Posa

Mpaka leo nikipita barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, huwa navuka upande wa pili kabla sijamfikia yule muuza mikate, na miaka imepita, yeye mwenyewe labda ameshasahau, lakini mimi sijasahau, na kwa kuwa mke wangu ameshawasimulia nusu ya aibu yangu huko jikoni, acheni niwape nusu iliyobaki, mcheke yote kwa pamoja tumalize.

Kazi yangu mnaijua, nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kule Jette. Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Mbelgiji, aliyekuwa baharia ujana wake kwenye meli kubwa za matanga ya mraba, zile zenye milingoti mitatu na matanga yamepangana mpaka juu, na kila nilipomsukuma kwenda kupigwa picha ya kifua, badala ya kulalamika maumivu alikuwa ananifundisha jina la kila tanga na kila kamba. Basi nikanasa. Mimi, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye hata Ziwa Tanganyika naingia mpaka magotini tu (na kivuko kinanitapisha, msinicheke bado), nikawa siongei kitu kingine ila matanga. Siku meli za namna ile zilipokusanyika bandarini Anvers nilisimama gatini tangu asubuhi mpaka jioni, nikasahau kula, na ndiyo, nililia.

Ndipo nikaanza kuunda ya kwangu. Miaka sita, sebuleni, ghorofa ya tatu. Ilikuwa na urefu wa mita mbili na kitu, milingoti mitatu, matanga kumi na nane niliyoyashona mwenyewe kwa mashuka (mke wangu alikuwa anayatafuta hayo mashuka, akimshuku jirani), na nyuma kabisa, pale meli inapoandikwa jina lake na bandari ya kwao kama desturi ya mabaharia inavyotaka, nikapaka kwa rangi ya dhahabu: ZENA, na chini yake, BUJUMBURA. Zena ni binti yangu wa kwanza.

Na Zena ndiye aliyekuwa anaposwa. Kijana nilimpenda, shida ilikuwa baba yake, Hadji Rajabu wa Liège, mtu mkavu, alishawahi kuahirisha mara moja kwa sababu alisikia kwamba baba wa binti ana mambo ya ajabu nyumbani kwake. Akakubali kuja Jumamosi moja, saa nane mchana, aone kama nyumba ile ni nyumba ya watu wazima. Wiki nzima Zena hakula vizuri. Usiku wa Ijumaa alikuja akasimama kati yangu na meli, akaniambia, "Baba, siku moja tu. Siku moja uwe baba wa kawaida."

Nikaapa. Meli ingeondoka kabla ya adhuhuri, ikakae kwenye gereji ya rafiki yangu kule Etterbeek.

Ngazi za nyumba zetu hizi mnazijua, hata kabati halipiti, kila kitu kinaingia na kutoka dirishani kwa ile lifti ya kuhamia inayoegemezwa ukutani toka barabarani. Nilimwita kijana wa Lubumbashi anayeitwa Trésor, mwenye lori na lifti yake, tukakubaliana saa tatu. Akafika saa saba. Kwenye ukingo wa barabara magari yalikuwa yamejaa (ruhusa ya commune, yaani manispaa, ya kuhifadhi nafasi nilipaswa kuiomba mapema, na sikuiomba), basi akasimamisha lori palepale mabasi yanapopita, tukaambiana ni dakika kumi tu.

Tukaitoa meli taratibu, mimi dirishani na kanzu yangu mpya, Trésor nje kwenye kibao cha lifti, tukaifunga kwa mikanda, na hapo ndipo akanitazama akasema, "Papa, upepo iko mukali leo. Tukunje kwanza hizi voiles?"

Sasa sikilizeni. Kila Jumapili, kila mgeni aliyewahi kunywa chai kwangu, nilimhubiria kwamba jambo la kwanza kwa baharia ni kukunja matanga kabla upepo haujamwahi. Kila mgeni! Lakini kukunja kumi na nane ni saa nzima, na saa sikuwa nayo, na tena (niseme ukweli, maana nimeshaanza) chini pale watu walikuwa wameshasimama kuangalia, mtoto mmoja ananyoosha kidole, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuiona meli yangu isipokuwa wageni wa chai, basi nikasema, "Acha hivyo hivyo. Watu waone."

Wakaona.

Trésor alishuka chini, akawasha mtambo, meli ikateremka vizuri mpaka chini kidogo ya dirisha la ghorofa ya kwanza, halafu upepo ukatokea kona ya barabara na matanga yote kumi na nane yakajaa kwa mara moja, na nitasema kitu ambacho sijamwambia mke wangu: kwa sekunde moja nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kisha meli ikageuka. Mkanda mmoja ukafyatuka, meli ikalala ubavu, na foromali ya mbele, ule mti wa kukingama unaobeba tanga, ikajichomeka kwenye turubai la kivuli la muuza mikate, mwenye duka chini yetu, na kunasa huko, kamba nazo zikajisokota kwenye reli ya lifti, na lifti ikakataa, haipandi, haishuki.

Kanzu ilishalowa mgongoni. Chini muuza mikate alikuwa ametoka na mikono yake yenye unga anapiga kelele, basi la kwanza likasimama nyuma ya lori, la pili nyuma yake, honi, watu wameinua simu wanapiga video, na Trésor anapaza sauti, "Papa! Nikate kamba?" na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Zipi? Taja jina lake!" maana kulikuwa na kamba ambazo nilizifunga mwezi mzima. Nyuma yangu mke wangu alikuwa amesimama na sinia la sambusa, hasemi kitu, na ukimya wa Mama Zena mimi nauogopa kuliko honi.

Askari wa kike akaja, akauliza kwa Kifaransa meli hii ni ya nani, nikainua mkono dirishani kama mwanafunzi. "Coupez," akasema. Kateni. Trésor akakata. Nilifumba macho. Foromali mbili zilivunjika, tanga la mbele likachanika lote, meli ikafika lorini ikiwa imelala, lori likageuzwa barabarani kwa shida na kuondoka polepole kupita kandokando ya mabasi yaliyosimama, na saa yangu ilisema saa nane na dakika tano.

Nikanawa. Gundi haikutoka vidoleni. Wakwe hawakuwa wamefika, nikashukuru, kisha nikaanza kuogopa kwamba hawaji kabisa. Saa nane na nusu kengele ikalia.

Waliingia wanane, wamenuna. Kwetu siku hiyo baba wa binti haongei, anakaa tu amevaa vizuri, msemaji wake ndiye anayejibu, na msemaji wangu alikuwa shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu. Baada ya salamu na dua, mshenga wao, mzee tuliyemwita tonton, yaani mjomba, Saidi, akajikohoza.

"Mutusamehe bazee, tumechelewa. Tulikuwa ndani ya bus, imesimama trois quarts d'heure, robo tatu ya saa, chauffeur anakatala kutufungulia mulango. Eti kuko muntu anashusha bateau ku dirisha!"

Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nikiangalia zulia.

"Bon," akaendelea, "mbele ya kusema mambo ya posa, tuulize. Huyo mwenda wazimu munamujua? Ni muntu wa hapa?"

Hamisi akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa, kukohoa, chochote. Nilimwona Hadji Rajabu amekaa wima, hacheki, nikamfikiria Zena nyuma ya mlango wa chumba na shangazi zake, na maneno yake ya siku moja tu, basi nikamtolea Hamisi jicho, naye akalielewa.

"Hapana, donc, huyo hatumujui kabisa. Hapa Ixelles kuko batu ba kila aina."

Hadji Rajabu akaweka kikombe chake chini.

"Lori ilipita karibu na dirisha yangu," akasema taratibu, "karibu hivi. Nyuma ya ile meli kumeandikwa Zena. Na chini, Bujumbura."

Kama sakafu ingefunguka ningeshukuru. Hamisi alianza kikohozi ambacho hakikuwa na mwisho. Nikasimama, ingawa si desturi, nikasema, "Hadji, huyo mwenda wazimu ni mimi. Meli nimeiunda miaka sita nikaipa jina la binti yangu. Msimhesabie yeye kosa langu. Yeye aliniomba niiondoe tu."

Akanitazama mpaka nikahisi jasho linafika kwenye soksi.

"Upepo ulikuwa mukali vile," akasema mwishowe. "Kwa nini hukukunja matanga?"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, hata yeye akatabasamu, na mimi, mwalimu wa Jumapili, nikarudi kukaa. Posa ikapita. Waliondoka jioni na sambusa zao kwenye mifuko.

Nilidhani yameisha. Nikamkuta Zena jikoni anakausha vikombe, nikamwambia, umeona binti yangu, mambo yamekwenda. Hakugeuka.

"Niliomba uwe baba wa kawaida," akasema. "Sikuomba useme hatumjui. Ile meli ina jina langu, Baba. Nilikuwa nasikiliza mlangoni."

Nikabaki nimeshika sahani mbele yake, sijui niiweke wapi.

Ameolewa sasa, yupo Liège, ana watoto wawili. Meli bado iko gereji Etterbeek, foromali zimetengenezwa, matanga yote kumi na nane yamekunjwa na kufungwa, sitayafungua tena nje ya nyumba hata kwa dakika moja. Ila akinijia mtu akaniuliza kama namjua yule kichaa wa meli wa Chaussée d'Ixelles, najibu haraka, kabla hajamaliza swali, ni mimi, na ile meli ni ya binti yangu.