Leseni ya Dawati la Dirishani

Ofisi yetu ya utalii hapa Karatu ilikuwa na leseni mbili tu za programu ya kupangia safari, na tulioihitaji tulikuwa wanne. Aliyewahi kuifungua ndiye aliyepata. Wengine tulisubiri mmoja afunge. Dada wa dawati la dirishani aliwahi kila asubuhi, akaifungua, kisha akaenda chai na kuiacha hivyo hivyo, kama anayetandika kitenge kwenye benchi la kanisani kuzuia nafasi. Mimi nilibaki na wageni wa Ngorongoro kwenye simu, nikiwajibu kwa kubahatisha.

Nikamlalamikia fundi wetu wa kompyuta. Ni mtu wa kwetu Mbulu. Tukiwa wawili tulizungumza Kiiraqw, na chapati zangu nilimgawia kila mara. Akaweka utaratibu mpya: usipogusa kompyuta kwa robo saa, mfumo unakunyang'anya leseni na kumpa anayesubiri. Nilifurahi kama nimeposwa.

Kesho yake yule dada akaenda chai. Robo saa ikapita, ikafika nusu saa, kioo changu bado kinaniambia nisubiri. Nikainuka kumtafuta fundi. Nilimkuta pale dirishani, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili akitikisa mausi ya yule dada taratibu, asije akanyang'anywa.

Asubuhi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimenyang'anywa, nilipotoka kumsindikiza mgeni. Fundi alikuwa amekaa mezani kwangu muda wote, anakula chapati yangu.