Paka wa Mama Swaleh na Udongo wa Mtoto

Nilipokuwa mtoto niliwajua paka wa jirani kwa majina kabla sijawajua wajomba zangu wote. Kulikuwa na Sultani, kulikuwa na Pamba, jike jeupe lisilojali mtu, na kulikuwa na Karafuu, mwekundu mwenye sikio lililopasuka, ambaye ndiye mkosaji mkuu wa habari hii. Wote walikuwa wa Mama Swaleh, mwanamke wa Pwani ambaye mumewe alikuja kuuza vitambaa Kitui mjini. Kila asubuhi Mama Swaleh alikaanga mahamri, na harufu yake ilivuka ua wa minyaa ikatuamsha. Paka wake nao walivuka ua ule ule, wakaja kujisaidia kwenye bustani yetu.

Bustani ni kusema tu. Kilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya jikoni, chenye sukuma wiki, vitunguu na dania. Lakini mtaa mzima ardhi ilikuwa ngumu, na Mama alikuwa akikilima kila mara na kutia mbolea ya mbuzi, kwa hiyo ndicho pekee kilichokuwa na udongo laini. Ningekuwa paka ningekwenda huko huko. Mama alizoa uchafu kwa jembe, akanung'unika, na Mama Swaleh akimsikia alituma sahani ya mahamri. Hivyo ndivyo ujirani ulivyokwenda, na hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu ya paka.

Mambo yaligeuka mwaka aliozaliwa ndugu yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimeanza shule juzi juzi. Baada yangu Mama alikuwa amezaa watoto wawili hospitalini, na wote wawili walikufa. Mmoja hakumaliza hata mwezi. Mwingine alikuwa ameanza kukaa, namkumbuka alivyokuwa akianguka upande mmoja na kucheka. Safari hii Mama alisema atazalia nyumbani. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye stesheni ya Emali na alirudi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mama yake, bibi yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, alikuja kutoka Mutomo kumzalisha. Alishuka kwenye basi na kibuyu cha maziwa mgongoni na kuku chini ya kwapa, tayari ana hasira na kondakta.

Mtoto alizaliwa salama, mvulana, alfajiri. Jua lilipotoka Susu alinishika mkono, akachukua jembe na kitu kilichofungwa kwa majani ya ndizi, tukaenda bustanini. Leo najua kilikuwa kondo la nyuma. Siku ile nilijua tu alivyoniambia, kwamba ni nyumba aliyokaa mtoto tumboni na kwamba lazima irudi ardhini. Alichimba katikati ya sukuma wiki, akazika, akasawazisha udongo na kurudishia miche juu yake kama vile hakuna kilichotokea.

"Mumbua," akaniambia, "hapa ndipo mtoto huyu ameshikwa na ardhi. Mnyama akipachimbua, mtoto hatatulia. Atalia mpaka awafuate wale wenzake. Na mtu wa nje asiambiwe."

Niliogopa kwelikweli. Nilikuwa namtaka mtoto yule, na nilikuwa nimeshachoka kuzika.

Basi mnaojua paka mmeshaelewa. Susu alikuwa amechagua sehemu laini ya bustani akaifanya laini zaidi. Kesho yake asubuhi tulimkuta Karafuu amekaa pale pale, mkia umetulia, anatutazama machoni kwa heshima zote kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka ipite. Alipomaliza akafukiafukia kwa miguu, akaondoka bila haraka.

Susu alianza vita. Alisaga pilipili akanyunyiza. Karafuu akapiga chafya, akasogea kidogo, akaendelea. Tukaenda kukata matawi ya mgunga yenye miiba, tukayalaza juu ya udongo. Miiba ilitudunga mimi na Susu, na paka wakapita katikati yake kama wanaotembea sokoni. Kisha Susu akakumbuka kwamba kwao Mutomo majivu hufukuza kila kitu, kuanzia siafu mpaka nyoka, akamwaga majivu ya jikoni ungo mzima. Jamani. Majivu yalikuwa makavu, laini, na ya uvuguvugu. Asubuhi tuliwakuta Karafuu, Sultani, Pamba na paka mwingine ambaye hata hakuwa wa Mama Swaleh. Tulikuwa tumewatandikia.

Ningecheka, kama si mtoto. Wiki hiyo hiyo alianza kulia. Alilia kuanzia mchana jua linapoanza kupinda mpaka koo likakauka, akikunja miguu tumboni, na akipewa ziwa aliliachia. Susu alimbeba, akamzungusha, akaimba, kisha akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, nami nikajua anafikiria udongo.

Na Mama? Mama ndiye aliyekuwa akiniogopesha zaidi. Alimpa mtoto ziwa huku amegeuza uso ukutani. Hakumwimbia. Hakumwita chochote. Wanawake wa ukoo walikuja kumpa jina, wakashauri aitwe Mbiti, yaani fisi, maana mtoto anayefuata waliokufa huitwa jina baya ili kifo kimwone si kitu na kimpite. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Ngojeni kwanza." Wakanywa chai wakaondoka, na mtoto akabaki kuitwa mtoto.

Siku moja Susu alimvizia Karafuu kwa gunzi la mahindi, akampata mbavuni. Paka alilia, na Mama Swaleh akatokeza kichwa juu ya ua.

"Nyanya, huyu kiumbe amekukosea nini? Kama ni mavi, niambie, ntazoa mwenyewe! Kwani hapa pana dhahabu?"

Susu alielewa Kiswahili kidogo, na hicho alikielewa. Lakini siri haikuwa ya kutolewa. Aligeuka akaingia ndani. Kesho yake mahamri hayakuja, wala kesho kutwa, na asubuhi harufu ilivuka ua peke yake. Nilihuzunika kwa ajili ya mahamri, nakiri, lakini pia kwa sababu Mama Swaleh alikuwa mtu pekee aliyekuwa akimchekesha Mama.

Mtoto akazidi kulia. Mchana mmoja Susu alimlaza, akakaa kwenye kigoda, kisha akasimama na kufunga leso yake upya.

"Osha uso," akaniambia. "Twende kwa mwenye paka. Utanisemea."

"Si ulisema mtu wa nje asiambiwe?"

"Nilisema. Sasa nasema twende."

Sijui kama nimeshawahi kumwona mtu akivuka umbali mkubwa kuliko ule, na ulikuwa wa kuzunguka ua tu. Mama Swaleh alikuwa uani anachambua mchele. Kikamba chake kilikuwa cha salamu na bei za sokoni, basi. Alituwekea mkeka bila kutabasamu. Susu akaanza kusema, polepole, nami nikawa nageuza maneno kwa Kiswahili changu cha mtaani. Nilipofika kwenye kile kilichozikwa sikuwa na neno lake. Nikasema, "Ile nyumba ya mtoto. Ya tumboni. Susu ameizika kwa sukuma."

Mkono wa Mama Swaleh ulisimama ndani ya ungo.

Susu aliendelea. "Mwambie wale wawili sijui vitu vyao viliwekwa wapi. Walizaliwa mbali na mimi. Huyu ndiye wa kwanza ambaye najua mahali pake. Mwambie sina ugomvi na paka. Mwambie naogopa." Nilimtazama Susu kabla ya kulitafsiri neno hilo la mwisho, maana sikujua kwamba yeye huogopa.

Mama Swaleh aliweka ungo chini. "Lahaula," akasema taratibu. "Na mimi namtupia maneno mtu mzima. Mwambie, mwanangu, kwetu twazika kitovu. Cha Swaleh wangu nimekizika kwa mikono hii, nyuma ya nyumba ya mamangu, na hadi leo nikienda huenda pale nikatazama. Mwambie angenambia siku ya kwanza." Halafu akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Paka mimi nawajua. Kwanza hayo majivu, nani amemshauri?"

Nilipotafsiri, Susu alitazama pembeni.

Kumbe dawa ilikuwa rahisi kwa mtu anayeishi na paka. Paka hapendi udongo wenye maji, na hapendi kukanyaga mawe. Ukimfukuza kwake bila kumwonyesha pengine pa kwenda, anarudi. Tulishuka mtoni, mto wetu ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, tukajaza karai mchanga mkavu, tukarudi tena na tena. Tukaumwaga kwenye pembe ya uwanja wa Mama Swaleh, chini ya kivuli, mahali laini kuliko bustani yetu. Mwenyewe akachukua uchafu kidogo wa Karafuu kwa kijiti akauweka juu, ili paka apajue kwa harufu. Upande wetu tukazoa majivu yote na udongo uliochafuka, Susu na Mama Swaleh wamepiga magoti bega kwa bega, wakitumia mikono ili jembe lisifike chini. Tukapanga mawe bapa kuzunguka miche, pasibaki nafasi ya paka kukaa.

Ilibaki shida ya maji. Maji yalikuja kwa punda, na wakati wa kiangazi mtu hakuyamwaga ovyo ardhini. Mama Swaleh akasema hilo lisitusumbue. Tangu siku hiyo alikuwa akitawadha juu ya karai kila wakati wa swala, na akimaliza kunawa alinipitishia karai juu ya ua, nami nikamwagia sehemu ile. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, mpaka usiku, udongo ule haukukauka. Baadhi ya wanawake wa kanisani walisikia, wakamuuliza Susu kama si vibaya kumwagilia bustani ya Mkristo kwa maji ya sala za Kiislamu.

"Basi leteni ya kwenu," Susu akawajibu, na hakuna aliyeleta.

Karafuu alikuja mara moja, akainusa ile sehemu, akakung'uta mguu wake uliolowa kama mtu aliyetukanwa, akaenda mchangani. Mama Swaleh alianza pia kumpikia Mama uji wa pilipili manga, ule wa wazazi wa Pwani, mkali wa kutoa machozi. Maziwa yakajaa. Mtoto akawa analia kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha mchana mmoja nikarudi kutoka shule nikakuta nyumba kimya. Nilikimbia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani, amemwelekeza kwake, anazungumza naye.

"Anaitwa Mwendwa," akaniambia.

Mwendwa maana yake ni mpendwa. Wanawake wa ukoo walishtuka, wakasema huko ni kumwonyesha kifo mahali pa kugonga. Susu aliwaambia mama amesema, na yakaisha.

Mimi ni mtu mzima sasa, na nimewahi kumsimulia daktari habari hii. Alicheka kwa upole, akasema watoto wengi hulia hivyo wiki zile za kwanza, ni tumbo, na huacha wenyewe. Sikubishana naye. Huenda ni tumbo. Huenda ni ule uji. Mwendwa yupo, ana upara na wajukuu, na hilo linanitosha. Lakini nilibaki siku zote na swali la Mama. Alikataaje jina la fisi, mwanamke aliyekuwa ameogopa kiasi kile?

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, Susu na Mama Swaleh wote wameshafariki. Nilidhani nitamwambia siri ya bustani kwa mara ya kwanza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Kwani dirisha la chumba lilikuwa linaangalia wapi, Mumbua? Niliona kila kitu. Niliona mkihangaika na pilipili na miiba na majivu. Nilikuwa nimejikaza nisimpende, ili akienda asiondoke na kitu changu. Halafu siku hiyo nikawaona wale wawili wamepiga magoti, Susu yako na yule Mswahili ambaye hata hawakusikilizana lugha, wanapapasa udongo kwa mikono kwa ajili ya mtoto wangu. Nikaona aibu. Nikasema, watu wanampigania na mimi mamake sijamtazama uso. Nikamgeuza."

"Ukaona nini?" nikamuuliza.

"Nikaona ni mzuri," akasema Mama. "Alikuwa mzuri sana, na siku zote zile alikuwa hapo pembeni yangu."

Susu alikuwa amesema mtoto anashikwa na ardhi. Nilipokuwa mdogo niliamini hivyo, na bado sipendi kumwona mtu akichimba ovyo nyuma ya nyumba yenye mtoto mchanga. Ila nadhani siku ile aliyeshikwa alikuwa Mama, na waliomshika hawakujua kwamba anawaona.