Katikati ya Gunia

Siku yangu ya kwanza katika ghala la nafaka upande wa Bugolobi, msimamizi wa ghala hakuniuliza cheti. Alinikabidhi bambo, kile chuma cha ncha chenye mfereji wa kutolea punje ndani ya gunia. "Wewe Mkenya, hapa kazi ni kushuku," akasema. "Juu ya gunia mtu huweka mahindi ya kuonyesha wageni. Toboa katikati."

Nikashuku hadi nikazoea. Punje kavu ukiiuma hukatika kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kuisha kwa kupikwa. Mahindi yetu yalisagwa unga wa posho, ugali wa watoto wa shule.

Alipokuja meneja mpya wa ununuzi, aliona foleni ya wachuuzi wa mahindi getini ikamkera. "Hawa wanatuchelewesha. Tutanunua kwa tajiri mmoja, malori makubwa, basi." Mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia. Mama Furaha, Mkongomani wa Bukoto aliyetuuzia kwa miaka, alinitazama.

"Kaka, mnanifukuza sawa mwizi?"

Nikarudi ndani.

Malori ya tajiri yakaanza kuja, na sampuli zimefungwa tayari kwenye mifuko, dereva kazishika mkononi. Hilo sikulipenda. Nilipotaka kupanda juu ya lori, utingo alinizuia. "Mzee, haya yameshapimwa."

"Na nani?"

Akacheka tu.

Nilimweleza meneja. "Nyinyi Wakenya wa mpakani hamwamini hata mama zenu," akanijibu.

Lori lililofuata nilingoja lipakuliwe. Magunia yalipopangwa juu ya chaga, zile mbao za kuyainua kutoka sakafuni, nikachomoa la katikati. Lilikuwa na joto kama mkate utokao tanuri. Bambo likatoka na punje za kijani zilizogandamana. Nilizimwaga mezani kwa meneja.

Akaibonyeza moja kwa kidole. "Tukilirudisha lori hili, ghala ni tupu. Watoto watakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. "Ghala tupu tutalijaza, bwana. Sumu hatutaitoa tumboni mwa mtoto."

Lori likarudi lilikotoka, nami nikapanda boda hadi Bukoto.

"Leo ndiyo mnanitafuta?" Mama Furaha aliendelea kuchambua maharage. Mwishowe akasema, "Nitaita na wenzangu. Lakini gunia la tajiri litobolewe sawa na langu."

Walikuja, kila mmoja na magunia machache, kutoka njia tofauti. Niliyatoboa yote. Moja la Mama Furaha nililikataa. Akalibeba, akaleta jingine. Shule zilikula.

Sasa nimestaafu. Vijana wana vipima unyevu, na simu huwaambia lori liko wapi. Wakinitembeza ghalani kwa fahari, huwauliza: lori hili lisipofika kesho, mtampigia nani?