Kandambili Zilizobaki Dukani

Ipo siku moja, mwanangu Pendo, ambayo nikiikumbuka bado naangalia miguu yangu. Nimeikumbuka leo kwa sababu ya neno ulilosema ulipokuja kunisalimia. Umesema wale vijana wako sita wanaojibu wateja kwa simu na kompyuta, kila mmoja sasa anafanyia kazi kwake, mwingine Buhongwa, mwingine hadi Ukerewe, na wewe umepumua kwa kuwa huna tena ofisi ya kuhangaika nayo. "Mama mkubwa, mtu akiwa kwake mimi sina lawama." Neno hilo lilishawahi kutoka kinywani mwangu. Kaa nikueleze, chai utaimalizia hapa hapa.

Nilikuwa na umri kama wako, na duka la kushona sare za shule pale Mirongo. Nilikuwa na haraka, nikidhani ubosi ni kujua kuamrisha. Fundi wangu mmoja, Leokadia, alipojifungua aliomba ashonee nyumbani kwake Buzuruga. Nikakubali upesi, wala sikuandika chochote. Nikampelekea cherehani ya umeme kwa mkokoteni, nikajiona mwema sana.

Cherehani ile ilikuwa na kasoro. Ukiikalia peku, umeme ulikuwa unakutekenya. Badala ya kumwita fundi, niliweka kandambili za mpira chini yake, na mimi na binti mmoja tuliokuwa tunaitumia tulizivaa kwanza. Tulizoea hadi tukaacha kuzifikiria. Leokadia alikuwa na cherehani yake ya miguu upande wa dirishani, hiyo ya umeme hakuwahi kuikalia.

Basi cherehani ikaenda, kandambili zikabaki. Na nyumbani nani anakaa na viatu? Wiki haijaisha, umeme ukamshika mkono wa kulia, ukamuunguza vidole viwili. Jirani yake alipoleta habari nikamjibu, "Pole yake, lakini ameumia kwake, hajaumia dukani kwangu." Kisha nikaendelea kukata vitambaa.

Kesho yake akaja baba mkwe wake, Mzee Masanja, fundi mstaafu wa injini za meli. Ile cherehani alikuwa ameifunga nyuma ya baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaiweka mahali pake pa zamani.

"Hebu shona kidogo, binti, nione inavyofanya kazi."

Nikavuta kiti. Miguu yangu yenyewe, bila kuiambia, ikavua viatu, ikazitafuta zile kandambili, ikazivaa. Mzee akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nikainuka kitini, kandambili zikiwa bado miguuni.

"Cherehani ni yako, sare ni zako, anayepanga zikamilike lini ni wewe. Iweje mkono ulioungua tu ndio uwe wa kwake?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutaka kujificha chini ya meza. Mchana ule ule nilikwenda Buzuruga kumwomba Leokadia msamaha, nikampeleka hospitali, kisha nikaenda mwenyewe kwa afisa kazi kueleza kosa langu. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba mwajiriwa ni mwajiriwa hata akifanyia kazi jikoni kwake. Leokadia alipona, lakini vile vidole havikunyooka tena. Nilimrudisha dukani awe mkaguzi wa sare, na alikuwa mkaguzi mzuri, ila kushona ndiko alikokupenda.

Sasa chukua kalamu. Kila kijana wako awe na mkataba wa maandishi, unaosema anafanyia kazi wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Saa zikiisha zimeisha. Usimpigie anakula na wanawe eti kwa kuwa kompyuta iko karibu. Likizo ni likizo, na ya uzazi pia. Michango yake ya hifadhi ya jamii ipelekwe, na umsajili kwenye mfuko wa fidia, ili akiumia kazini asianze kubembeleza mtu. Kompyuta na chaja unazompa zikague kabla hazijatoka mkononi mwako, kisha muulize anakalia kiti gani na umeme wake ukoje. Yule wa Ukerewe umeniambia ameunga waya kutoka kwa jirani. Anza na huyo. Mengine kamuulize mwanasheria, mimi ni fundi sare tu. Ila hili sitalegeza kamba: Jumatatu asipokee mtu simu hata moja kabla haya hayajaandikwa.

Na hizi hapa, pokea. Nimezitunza miaka yote, mpira umekakamaa, hazivaliki tena. Ziweke juu ya meza yako. Mungu akubariki, mwanangu, na awalinde hao sita huko ambako macho yako hayafiki.