Hakufa kwa Ajili ya Mvinyo

Sanduku la mwisho kutoka Ufaransa lilifika Bukavu siku ya Jumanne, tukalifungua baada ya chakula cha mchana. Bwana Étienne alikuwa na nyumba ya wageni kando ya ziwa. Kwa miaka tisa nilimtunzia chumba cha chini, kilichochimbwa mlimani, ambamo alihifadhi mvinyo wa kwao.

Kwao ni shamba la mizabibu ambalo Wafaransa hulitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja kanisa. Babu wa babu yake alilipanda juu ya kilima cha changarawe ambako hata mahindi yasingeota. Sasa lilisimamiwa na dada yake mkubwa, Hélène. Bwana Étienne aliondoka akiwa kijana, baada ya kugombana na baba yao, lakini kila mwaka dada alimpelekea sanduku moja la mvinyo.

Siku hiyo alinimiminia kidogo, akanieleza tena mambo ambayo nilikwisha kuyajua. Mzabibu mzee huzaa haba, lakini mizizi yake imeshuka kati ya mawe hadi mahali ambapo ukame haufiki. Zabibu huchumwa kwa mkono na kuchambuliwa mezani. Mvinyo hulala karibu miaka miwili katika mapipa ya mwaloni, na kwa kuwa pipa nalo hunywa sehemu yake, lazima lijazwe mara kwa mara. Husafishwa kwa ute wa mayai. Kisha familia nzima huketi na kuonja pipa baada ya pipa, na hakuna tone linalotiwa chupani mpaka wote wakubaliane.

"Tuligombana kwa kila kitu," alisema, "isipokuwa pale mezani."

Nilimwuliza kama angerudi siku moja. Akasema labda mavuno yajayo.

Ijumaa tukasikia mizinga kutoka kusini.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama yake, Mama Régine, pamoja na wadogo wawili wa mke wangu, Neema na Sifa, walikuwa chini ya uangalizi wangu. Jirani alikuja kutuambia kwamba askari wanaingia nyumba kwa nyumba, wanapora na kuchukua wasichana. Sikujua ni askari wa upande gani. Siku zile nguo zao zilifanana. Bwana Étienne ndiye aliyesema tuwaweke wote watatu katika chumba cha ndani, nyuma ya kile cha chupa, palipokuwa na mapipa matupu. Akafunga mlango, akanipa ufunguo. Alisema mzungu atapekuliwa kwanza.

Walikuja saa tisa alasiri. Walikuwa sita.

Walishuka chini, wakavunja shingo za chupa, wakanywa. Mmoja akauona mlango.

Bwana Étienne akamwambia, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kwamba kule iko mapipa matupu tu, na funguo ilipotea zamani. Wakampiga. Walisema mzungu huficha kilicho bora nyuma.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilisikia mtu akikohoa ndani, mara moja tu.

Askari aliinua kitako cha bunduki ili avunje kufuli.

"Acha ile," Bwana Étienne akasema. "Mvinyo ya baba nilificha ku bustani, kule chini karibu na mayi ya ziwa. Kuyeni niwaonyeshe."

Bustanini hapakuwa na kitu. Mimi nilijua, naye alijua kwamba najua. Alinitazama kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba ameeleweka, kisha akapanda ngazi mbele yao.

Nilisikia jembe likichimba. Nikasikia wakipiga kelele wakidai mvinyo.

Risasi mbili.

Hawakurudi ndani.

Tuliondoka alfajiri kwa miguu. Mama Régine alichoka msituni siku ya nne, akaketi, hakusimama tena. Sifa alikufa kwa homa, akiwa na miaka kumi na saba. Mimi na Neema tulivuka Tanzania, kisha Msumbiji, tukafika Durban. Neema alipata chumba mtaa wa Sydenham, akashona nguo. Mimi nilipanga chumba mtaa wa Point, nikalinda magari ya watu ufukweni, South Beach.

Huko ndiko mgeni wa zamani wa nyumba yetu ya Bukavu alikonitambua, mwaka tisini na tisa. Alimwandikia Hélène, na Hélène akaja.

Tulikutana asubuhi katika hoteli moja ya ufukweni. Alikuwa na macho ya kaka yake. Alikuwa akiandika historia ya shamba lao, na alikwisha kumtengea kaka yake ukurasa. Akanisomea kutoka daftarini: kwamba aliuawa Afrika akiulinda mvinyo wa baba zake. Watu waliokuwa barabarani Bukavu siku ile walisikia kelele za askari wakidai mvinyo, na hivyo ndivyo habari ilivyofika Ufaransa.

Ningeweza kuiacha. Ilikuwa habari nzuri, na ndani yake mimi sikuwa na ufunguo.

Nilimwambia yote. Nilipomaliza, alifunga daftari lake.

"Ungewapa ufunguo, Étienne angeishi?"

"Labda, mama."

"Na wale wa ndani?"

"Hapana."

Aliniuliza majina yao. Nikamtajia, naye akafungua daftari, akafuta sentensi yake, akayaandika yote matatu. Kisha akaomba kumwona aliyebaki. Tulingoja robot, taa ya barabarani, iwe ya kijani, tukavuka, tukapanda taxi hadi Sydenham.

Neema aliacha cherehani, akamwandalia chai. Hélène alimwuliza alisikia nini mle ndani, mimi nikitafsiri. Neema aliweka birika chini. Akasema walisikia kila neno, na kwamba mama yake alimziba Sifa mdomo kwa kiganja asikohoe tena. "Yule bwana alisema bila kutetemeka," alisema. "Nilidhani kweli anakwenda kuwapa mvinyo."

Hélène aliushika mkono wa Neema mpaka chai ikapoa. Hakunishukuru wala kunilaumu, na sikuona kosa katika hilo.

Tuliwaficha watatu, akaokoka mmoja. Watu wa kanisani huniambia kwamba hata mmoja si haba, nami huitikia, ingawa Mama Régine na Sifa hawana hata kaburi ninaloweza kulifikia. Nimejiuliza mara nyingi juu ya ufunguo ule. Kama ningerudishwa leo katika chumba kile, ningenyamaza tena, na ningemlilia tena Bwana Étienne maisha yangu yote.