Sema Salio kwa Sauti

Mchezo wenyewe aliuleta shemeji yangu kutoka Dar Krismasi iliyopita, siku zile ambazo ukoo mzima hupanda mlimani kwa wakwe zangu na magari huegeshwa hadi katikati ya migomba. Ni ubao wa kununua viwanja na kujenga nyumba. Tofauti na ule tuliochezea sisi utotoni, huu hauna noti za karatasi. Kila mchezaji ana kadi, na katikati ya meza kuna kimashine kidogo. Unapitisha kadi, kinalia pii, kiwanja ni chako. Binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, aliupenda siku hiyo hiyo, na tuliporudi kwetu Rau, huku chini, aliupakata njia nzima.

Kila Jumamosi binti huyo alipanda kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, wakaenda pamoja sokoni kuuza ndizi. Alikuwa na kigoda chake kando ya mikungu, na kazi yake ilikuwa kurudisha chenji. Kazi hiyo aliipenda kuliko shule. Basi Jumamosi moja mteja akatoa noti ya elfu tano kwa ndizi za elfu tatu, na mtoto akamrudishia elfu saba, kana kwamba amepewa elfu kumi. Mteja akapokea na kwenda zake. Bibi aligundua wakati wa kufunga mzigo. Hakufoka. Alisema tu kwamba mtoto asirudi sokoni, kisha akanipigia simu mimi.

"Hicho kimashine kimemaliza akili ya mtoto," alisema. "Pesa asiyoishika ataijuaje? Kitupe, mwanangu. Ukishakitupa, mlete."

Sikukitupa, na niseme wazi kwamba nilikasirika. Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kutwa nzima nakaa kwenye kibanda changu nikiweka na kutoa pesa ambazo njiani hakuna anayezishika, na kwa hizo hizo nalipa ada ya mtoto. Pale dirishani nimeona watu wazima, wanaojua noti kwa kuipapasa tu, wakilia kwa sababu wametuma pesa kwa mtu wasiyemjua. Hao walikulia kwenye sarafu. Mbona hakuna aliyesema sarafu zimemaliza akili zao?

Lakini kila Jumamosi asubuhi mtoto alivaa viatu vyake vya sokoni akakaa navyo mlangoni. Nilimvumilia mara mbili, ya tatu nikavuta kiti, nikamwambia tucheze huo mchezo nione.

Nilichokiona hakikunifurahisha. Kila alipotua alinunua. Bei hakuuliza, alipitisha kadi tu, na alipoishiwa alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Hapo bibi alikuwa na haki, na iliniuma kukubali. Ila kadi nayo nilikataa kuilaumu. Kimashine kilikuwa kinamfanyia hesabu, naye alikuwa amekiachia kazi yote, kama vile wateja wangu wanavyoziachia simu zao.

Nikaweka sheria zangu. Kabla ya kupitisha kadi, sema kwa sauti una salio gani na litabaki kiasi gani. Ukikosea, kiwanja hupati. Halafu nikaweka makato. Aliyeutengeneza mchezo ule hajawahi kutumiwa pesa na ndugu aliyesahau kuongeza ya kutolea. Kwangu mimi, kila anayechukua pesa benki anaacha ya kutolea.

"Mama, huu sasa sio mchezo. Ni kibandani kwako," alilalamika.

"Ndiyo. Sema salio."

Na kila nilipofunga kibanda alinihesabia noti na sarafu, akiitazama kila noti usoni kabla ya kuiweka. Shemeji aliposikia alicheka kwenye simu. "Shemeji, unauharibu mchezo wa watu." Nikamjibu kwamba nimeshauharibu, na sasa ndio umekuwa mzuri.

Kisha Jumatatu moja mchana bibi akatokea kibandani, amevaa kitenge chake cha kanisani, simu ameifunga kwenye leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitolee pesa yangu."

Jumamosi iliyotangulia, alieleza, kijana mmoja wa pikipiki alichukua mikungu minne ya mshare, ndizi za kupikia supu ya mtori hotelini, akalipa kwa simu. Ujumbe huu hapa. Niliusoma. Ulikuwa umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, umeandikwa ufanane na ule wa kweli wa kampuni ya simu. Tukaangalia salio. Halikuwa limesogea hata shilingi. Nikamwambia hivyo hivyo: mama, hakuna pesa iliyoingia. Akakaa kwenye benchi. Ile migomba aliipalilia mwenyewe, akaifungulia maji ya mfereji mwenyewe, na magoti yale yanayouma.

Neno lilinifika mdomoni. Nilitaka kumuuliza kama na hapa ni kimashine. Mtoto akaniwahi. Alikuwa ndio ametoka shule, amesimama nyuma yangu na sare zake.

"Bibi, kabla hajatuma ulikuwa na salio gani?"

"Nijuaje? Si simu inajua?"

"Unatakiwa useme wewe kwanza, bibi. Ndio ujue kama limeongezeka."

Bibi akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi mlete."

"Kimashine sikitupi, mama."

"Nimesema mlete mtoto. Kimashine nimekutajia mimi?"

Jumamosi hiyo nilifunga kibanda nikaenda nao. Mtoto alirudi kwenye kigoda chake. Noti zilikaa kwenye kitenge cha bibi, simu yake ikakaa mapajani mwa mtoto. Karibu na mchana bwana mmoja nadhifu alichagua mkungu wa elfu kumi na tano, akabonyeza simu yake, akasema nimetuma, akainama kuuchukua.

"Subiri kidogo, shikamoo," mtoto akamwambia.

"Yaani mtoto huyu ananifanya mimi mwizi?"

Nikainuka haraka kumtuliza, kama nilivyozoea dirishani. Bibi akanionyesha kwa macho nikae. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mkungu.

"Salio letu ni elfu kumi na mbili," mtoto akasema kwa sauti, na wauza ndizi wa pande zote wakageuka. "Yako ikiingia litakuwa ishirini na saba. Bado."

"Nina haraka mimi."

"Umesikia," bibi akasema. "Bado ni kumi na mbili."

Tukasubiri wote wanne, yule bwana akipumua kwa hasira. Simu ikalia.

"Ishirini na saba," mtoto akasema.

Bibi akaondoa mkono. Hakumwomba radhi, na mimi sikumwomba kwa niaba yake.