Seva ya Ngara na Mdogo Wake Mama Spesioza

Kosa ni langu peke yangu, ila chanzo chake ni hamu ya mke. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Ngara, katika ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana. Mke wangu alikuwa Nyarubungo, kijiji cha Biharamulo, na sikuwa nimemwona kwa miezi miwili.

Ijumaa moja nikapewa programu mpya ya kuweka kwenye seva. Ningeweza kuiunganisha na hifadhi ya majina tuliyokuwa nayo, kazi ya siku nzima, au kuiacha itumie hifadhi yake yenyewe iliyokuja nayo, kazi ya dakika kumi. Nikawaza gari la jioni la kwenda Biharamulo, nikachagua dakika kumi.

Juma lililofuata majina mapya tuliyoandika yalionekana vizuri, nikajiona bingwa. Akaja Mama Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi, kumwulizia mdogo wake Melkiori. Walipotezana mpakani, na alisema bado anaisikia sauti yake ikimwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yumo?"

Nikabofya. "Hayumo."

Alikuja siku nne mfululizo, nami nikamjibu hivyohivyo kwa sauti ya mtaalamu. Siku ya tano mwenzangu Leokadia akachungulia kioo cha kompyuta yangu. "Mbona hapa kuna majina mapya tu? Ya zamani umeyaacha wapi?"

Akafungua hifadhi ya zamani. Melkiori alikuwamo, mzima, katika kambi ya Biharamulo.

Mama Spesioza alilia, akajifuta kwa kitenge, kisha akanigeukia. "Mwanangu, siku zote hizi ulikuwa unamtafuta wapi?"